Maneno Mia Mbili

Saa saba usiku, Ng'ong'ona. Upepo wa vumbi unagonga dirisha
kama mwanafunzi aliyechelewa kukusanya kazi.
Fomu inadai: eleza tija ya utafiti,
maneno yasizidi mia mbili.
Ninayo mia mbili na kumi na moja.

Nafuta "endelevu". Nafuta "shirikishi".
Nafuta "kwa kiasi kikubwa", kiasi chenyewe sikijui.
Juu ya kabati vijitabu vya mtihani, themanini na tatu,
havijaguswa tangu Jumatatu.

Mchana Mama Chilewa alipiga simu kutoka Mvumi:
"Mwalimu, zile karanga ulizochukua mwaka juzi,
zina sumu, au tule tu?"
Bado, mama, nikasema.
Sikusema zimo kwenye friji, zina namba,
kemikali iliisha pamoja na mradi,
na sijazipima
kwa sababu naandika kuomba hela ya kuzipima.

Nakata tena. Mia moja tisini na sita.
Yamebaki maneno manne.
Naandika: Mama Chilewa anasubiri jibu.

Natuma.
Navuta kijitabu cha kwanza.
Hakina namba ya usajili.