Safu ya Nne

Jedwali nililokabidhiwa lina safu nne.
Ya kwanza, mitaa.
Ya pili, raia waliotimiza miaka kumi na minane.
Ya tatu, walioandikwa.
Ya nne kaiongeza mtu kwa kalamu ya mkono: Tofauti.

Kituo changu ni darasa la pili B, Mtongani.
Ukutani bado kuna a e i o u
na mchoro wa jino.

Siku ya tatu akaja Bi Sihaba Mwinyikondo,
mgonga kokoto.
Akaketi dawati la mtoto, magoti karibu na kidevu.
"Weka kidole, mama."
Akaweka. Mashine ikakataa.
Cha pili, ikakataa.
Tukavijaribu vyote kumi,
tukavifuta kwa spiriti, kwa pindo la khanga yangu,
mashine ikaona ngozi tu,
laini kama ganda la yai.

"Basi kaniulizie Mbezi," akasema,
"kwenye misingi, kwenye zege la maghorofa.
Huko nimetia sahihi kila chumba."
Foleni ikacheka. Mimi nilicheka nusu.

Kipo kitufe cha wasio na vidole.
Lakini yeye anavyo, kumi kamili, nimevihesabu.
Nikakibonyeza.
Kioo kikauliza: Sababu?
Ulemavu. Ajali. Nyinginezo, eleza.
Nikaeleza kwa herufi nne:
kazi.

Nyuma yake Shukurani, mtoto wa fundi redio,
kapungukiwa siku nne.
"Sista, siku nne kitu gani? Ndevu ninazo."
Kweli anazo.
Safu ya pili haihesabu ndevu.

Magharibi nilijumlisha kwa tochi ya simu.
Safu ya nne, namba moja tu, imenyamaza;
ndani yake yumo mlinzi wa geti anayelala mchana,
yumo aliyehamia Tegeta bila kuaga,
yumo mama lishe asiyeweza kuacha sufuria,
yumo anayesema, "Ili iweje?"
Na kwenye safu ya tatu, mzee Pazi,
tuliyemzika mwezi wa Rajabu,
bado ni mpiga kura mzuri.

Nilipunguza moja.

Asubuhi Bi Sihaba alikuwa mlangoni,
kadi kaifunga kwenye ncha ya khanga pamoja na mia tano.
"Mwanangu, hii
na dirisha la dawa wanaipokea?"