Kwa Mapenzi na Huba

Mama amevaa doti ya Idi kwenda ofisi ya ardhi,
kama anayekwenda kuoza binti.
Kwapani bahasha ya kaki, imekunjwa mara nne,
ndani yake nyumba nzima ya Magomeni Mapipa:
vyumba sita, ukumbi, choo cha uani,
na mhuri uliofifia.

Karani, kucha zake rangi ya zambarau,
anauliza bila kuinua macho:
"Mnauziana au mnapeana?"
"Nimuuzie vipi? Nimemzaa."
"Hata kupeana, mama, kuna thamani."

Akaja mthamini, Bwana Rwechungura,
akapima ukuta hadi ukuta, akahesabu madirisha.
Hakuuliza chumba cha tatu alioshewa nani,
wala kwa nini mwimo wa mlango una chale za kisu,
kimo changu na cha Pazi, mwaka hadi mwaka,
mpaka changu kikakoma, miaka kumi na tisa.
Aliandika tarakimu ndefu kama treni ya mizigo.
Tukatazamana. Matajiri sisi,
na bati la jikoni bado linavuja.

Hati ilisema: kwa mapenzi na huba ya asili.
Nikauliza, na haya mapenzi
yanatozwa asilimia ngapi?
Mwanasheria akacheka, akafuta miwani.
"Mapenzi hayatozwi, dada. Kinachotozwa ni ukuta."

Kisha akaomba kitambulisho.
Nikatoa pasi yangu nyekundu ya Denimaki
na kicheko kikamkauka.
Mimi Sikudhani binti Mwinshehe,
niliyekula kiapo ugenini mwezi wa barafu
kwa sababu ya kazi, na mtoto, na uchovu wa kupanga foleni ya viza,
siandikiki juu ya mchanga huu
uliozikwa kitovu changu, hatua tatu kutoka bombani.
"Wewe ni mgeni," akasema. Kwa upole,
kama daktari mwenye majibu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe nimepewa: namba ya malipo,
imelia kwenye simu kama kifaranga.
Shamba ndilo lisilonitambua.

Mama alinyamaza muda wa kuchemka chai.
"Basi andika Pazi."

Pazi aliyebaki. Aliyembeba mama mgongoni
mwaka wa mafuriko ya Msimbazi.
Pazi anatazama ndala zake,
hana hata ya stempu.

Nikalipa mimi.
Stempu, uthamini, usajili,
kodi ya ardhi ya miaka tisa iliyolala na faini zake zilizokesha,
na ile ya faida, ambayo mama aliiuliza mara tatu:
"Faida ya nani? Nani hapa amepata?"
Hakuna aliyemjibu.

Risiti ikatoka mashineni, vuguvugu.
Mlipaji: Pazi Mwinshehe.
"Na huyu aliyetoa hela," mama akamwinamia karani,
"anaandikwa wapi?"
"Hakuna sehemu yake, mama."

Akaomba kalamu.
Akaigeuza risiti, akailaza juu ya kaunta,
na foleni nyuma yetu ikiguna,
akaandika kwa herufi zake za elimu ya watu wazima,
moja moja, kama anayepanda mbegu:
SIKUZANI.

Sikumsahihisha.
Maandishi ya mashine, nimeambiwa, hufutika kabla ya masika.
Ya kalamu ya bluu, sijui.
Nimeiweka ndani ya pasi.