Kiti Kisichochomelewa

Kililetwa Mabatini juu ya mkokoteni,
kimefunikwa gunia la dagaa.
Kilinunuliwa mnadani, Kapripointi,
nyumba ya mhandisi Mdenishi aliyekwenda kwao.
Watoto walisikia "mdeni",
wakauliza anadaiwa na nani.

Bahitwa aliambiwa akaze mguu tu.
Mguu wenyewe akautafuta.
Pande mbili za chuma bapa, zimepinda kama,
ngoja,
kama mtu anayeinama kuokota sindano
na mgongo bado unamtii.
Ngozi imechanika. Chuma hakina hata doa la kutu.

Akapapasa maungio kwa kidole gumba,
kile kilichoungua enzi za meli, Bandari ya Kusini,
akitafuta kovu la weldi.
Hakuna.
Miaka ishirini na sita anachomea mageti,
maua, mikuki ya dhahabu, mioyo miwili ya maharusi,
na leo chuma kinamwambia: mimi sikuungua.

Ni skrubu nne, zenye tundu la pembe sita.
Spana yake hatuna.
Akachukua kipande cha nondo, akakikereza kwa tupa
tangu adhuhuri hadi umeme ukakatika,
akipima, akipuliza, akitukana Kikerewe kwa upole.
Pembe ya sita ilipokaa
skrubu ikazunguka kimya.
"Kumbe mdeni ni mimi," akasema.

Kiti kikarudi kwa mwenyewe. Usingizi haukurudi.
Akaenda Nyakato kwa wauza vyuma chakavu,
akanunua springi mbili za lori
lililobeba marobota ya pamba mpaka likachoka.
Akazipasha moto, akazipinda, akazikosea, akazipinda.
Mimi nikasuka kikalio kwa uzi wa nyavu za sangara.
Wiki nzima ugali wangu ulinuka ziwa.

Mteja wa kwanza: "Maua yako wapi?"
Wa pili: "Mbona chembamba, kimefunga?"

Bado kiko nje ya karakana.
Nikikikalia kinazama kidogo, kidogo tu,
halafu kinanirudisha.
Kule mlimani jiwe limekaa juu ya jiwe
na hakuna aliyelichomea.

Jana tumepokea oda ya geti:
mioyo miwili, rangi ya dhahabu.
Bahitwa amechukua kianzio. Ada ya shule haingoji.
Ila ule ufunguo wa nondo
anautia mfukoni hata akienda kanisani.