Sahihi Mbili

Duluth, Februari. Theluji imefika kizingiti cha dirisha,
na serikali yataka kujua nina dola ngapi benki
kufikia leo, siku ya kujaza fomu.
Leo saa ngapi? Kabla ya kulipia mafuta ya kupashia nyumba
au baada?
Naandika mia mbili na kumi na nne.
Fomu inameza. Haikohoi, haikunji uso.
Msimamizi wa kiwanda cha karatasi alikunja uso
siku aliposoma majina ya wanaobaki
akaruka langu, Marlys Kettunen,
kama mtu arukaye dimbwi.

Ng'ambo ya meza, Brita binti yangu,
miaka kumi na minane,
anajaza fomu hiyohiyo.
Kompyuta yake ya shule, yangu ya kuazima maktaba,
tumezielekeza migongo kama wacheza karata.
Katikati, bahasha ya kodi na viazi vilivyopoa.

"Mama, umeolewa, umetalikiwa, mjane, au mmetengana?"
Anajua. Ndiye aliyembebea babake sanduku la zana
mpaka kwenye gari.
Lakini fomu imeuliza, naye anauliza, macho chini.
"Mmetengana," nasema, kama ninayemsemea jirani.
Miaka ishirini na mmoja. Tiki.

Nami naulizwa: watu wangapi katika kaya?
Watatu, vidole vinaandika vyenyewe.
Nafuta. Wawili.
Kati yao, wangapi watakuwa chuoni?
Wawili.
Nasoma tena. Basi mchana nyumba itabaki na nani,
na hii friji inayonguruma?

Dawa ya deni kulipa,
nami dawa hiyo nimeinunua kwa kukopa.
Mihula mitatu ya uuguzi, mwaka wa tisini na saba,
halafu mama yangu akapooza upande wa kushoto
nikatoka darasani kwenda kumwuguza;
mazoezi kwa vitendo, miaka sita, bila cheti.
Deni halikupooza. Lilitembea, likazaa riba,
riba ikazaa wajukuu,
nikawalea wote kwa mshahara wa kantini.
Oktoba nimemzika wa mwisho.
Risiti ipo pale ukutani,
kando ya picha ya Brita asiye na meno ya mbele.

"Mama. Kiwango cha elimu ya mzazi."
"Soma."
"Msingi. Sekondari. Chuo. Sijui."
Wanasema elimu haina mwisho. Yangu ina mwisho,
ninaujua hadi tarehe, ilikuwa Jumanne,
nilikuwa na mtihani wa mifupa ya mkono.
Nainua kiganja changu chini ya taa.
Bado naweza kuitaja minane yote ya kifundo.
"Niweke 'sijui'?" Brita anauliza,
na safari hii ananitazama.
"Weka sekondari."
Anabonyeza polepole, kama abanduaye plasta kidondani
ambacho si chake.

Sahihi.
Kwenye fomu yake natia sahihi kama mzazi:
nathibitisha, naapa, sijaficha mali.
Kwenye yangu natia kama mwanafunzi.
Jina lilelile. Mara ya pili nakosea tahajia,
mimi, jina langu mwenyewe,
na mashine inanirudisha mwanzo wa ukurasa.

"Ukinyimwa?" anauliza.
"Nitaomba tena."
"Nikinyimwa mimi?"
Hapo sina kisanduku cha kubonyeza.
Nasukuma bakuli upande wake.

*Usifunge dirisha*, inasema kompyuta,
na upepo wa ziwani unagonga lile jingine, la kioo.
Anakuja kukaa upande wangu wa meza,
na kompyuta yake, na kiazi mkononi.
"Tukipata wote, tutapanda basi moja?"
"Nitakaa mbele kabisa. Hutaonekana nami."
"Sikusema hivyo."

Viduara viwili vinazunguka,
kimoja kwa kasi, kingine kwa kusitasita.
Hatujui kipi ni cha nani.
Tumesahau tulivyoziweka.