Ngumi Moja, Upande wa Abiria

Pikapu ya baba huzima ikipata joto.
Ikiwa baridi haina neno. Asubuhi ya digrii thelathini chini ya sifuri,
mate yakiganda kabla hayajafika chini,
inanguruma kama ng'ombe aliyenyimwa chumvi.
Ila ikifika kwenye reli, kilomita ya tisa,
damu ikishaichemka,
hukata roho palepale, juu ya vyuma.

Miaka kumi na moja baba alikuwa na dawa yake:
ngumi moja, chini ya dashibodi, upande wa abiria.
Pa! Ikaamka.
"Inanijua," husema Orest Hnatiuk, akisugua vifundo,
na mama, enzi za uhai wake,
alijifunza kuhamisha magoti mapema.

Sasa baba yuko Yorkton, nyumba ya wazee, ghorofa ya pili.
Funguo ninazo mimi,
na ngumi yangu haifui dafu.

Nimebadilisha kila nilichoambiwa nibadilishe:
pampu ya mafuta, koili, rilei mbili,
kihisi cha joto kidogo kuliko kidole gumba.
Nikalipa. Ikazima.
Kila fundi na ramli yake.
Ni Wasyl wa Canora, muuza viungo vya magari yaliyokufa,
aliyeinua kofia, akajikuna, akauliza:
"Huyo mzee alikuwa anapiga wapi hasa?"
Nikamwonyesha.
"Basi alijua. Ila hakujua kuwa anajua."

Kwa hiyo leo nimepiga magoti kwenye gari lililozima,
tochi kinywani, waya hasi wa betri umefunguliwa.
Droo ya dashibodi lazima ing'oke yote,
na kabla ya kung'oka lazima imwagwe:
stakabadhi za ngano za 1994,
glovu ya kushoto,
peremende zilizogeuka mawe,
kitana cha mama, na unywele mmoja wa kijivu.
Nikakaa kidogo.

Chini ya plastiki, bonde la vifundo vinne.
Juu ya bonde, kasha la bati, ukubwa wa kitabu cha sala.
Parafujo mbili, soketi mbili za waya,
na lote likanilalia mkononi, jepesi, aibu tupu:
hili ndilo lililotusimamisha mbele ya treni?

Nililifungua mezani kwa lenzi ya mama ya kushonea.
Ubao wa kijani. Lehemu imepasuka,
ufa mwembamba kuliko ule unywele.
Joto likija ufa unaachama, habari haipiti,
injini inangoja amri isiyokuja.
Ngumi huja, ufa unakutana.
Wala si uchawi. Wala si mapenzi, ningesema,
kama nisingeliona lile bonde.

Kasha jingine: dola themanini kwa Wasyl,
na arobaini juu yake, za kurudishwa nikileta la zamani.
Lakini kasha geni huja tupu.
Halijui silinda ngapi, halijui giaboksi gani.
Kumbukumbu huchomolewa kwenye lile bovu:
kidude cheusi chenye miguu kama tandu.
"Usiguse miguu," alinionya. "Shika chuma kwanza.
Umeme wa sweta yako tu unatosha kukiua."
Nikavua sweta. Katika baridi ile.
Nikakipandikiza nikiwa na fulana, meno yakigongana.

Betri. Funguo. Taa ya injini ikawaka njano,
ikafikiri,
ikazimika.
Kilomita ya tisa nilizuia pumzi. Ya kumi. Ya ishirini.
Sikusimama hadi Yorkton.

Baba alikuwa dirishani. Nikamweleza yote,
ufa, lehemu, tandu.
"Kiasi gani?"
"Themanini."
Akautazama mkono wake wa kulia,
akaukunja, akaukunjua.
"Mimi nilikuwa naiamsha bure."

Kasha la zamani sijalirudisha.
Dola arobaini si haba,
na Wasyl ameshaniuliza mara mbili.
Namwambia kesho.