Mpaka Uive

Februari, ngazi za nyuma, barafu nyembamba kama ganda la kitunguu.
Nilibeba unga. Unga haukumwagika;
kiwiko ndicho kilichomwagika.

Wakakirudisha mahali pake hospitalini Kutaisi,
wakakifunga, wakaniambia tulia.
Kaka yangu Zauri hajui kutulia:
kila jioni alinivuta mkono ili unyooke,
"Vumilia, Tsiuri," nami nikavumilia,
na kule ndani, pasipo taa,
msuli ukaelewa vibaya.

Ulimi hauna mfupa, husema watu.
Msuli nao haukuwa nao.
Wiki ya sita nikapapasa juu ya kiwiko
kitu kama kokwa ya pichi, kigumu, chenye moto.
Eksirei ilionyesha wingu;
mwezi uliofuata wingu likawa tawi,
kisha tawi likawa komeo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu nilimpa, akachimbia msingi.

Sasa mkono umegoma kwenye pembe moja
kama mshikio wa buli.
Tanuri letu ni shimo la udongo,
mtu huinama hadi kiunoni
aubandike mkate ukutani kwa kofi moja.
Nabandika kwa kushoto. Mitatu kati ya kumi huangukia majivuni.
Kanisani, ishara ya msalaba haifiki kipajini;
nainamisha kichwa kivifuate vidole,
na bibi mmoja nyuma yangu hudhani nimezidi unyenyekevu.

Daktari Lomtatidze hununua mkate kwetu, kwa hiyo husema wazi:
"Ni mfupa halali, una uboho wake.
Ukikatwa mbichi hurudi na nduguze.
Wewe ungetoa mkate haujaiva?"
Nikasema: mkate nauchungulia.
Akasema: na huu tutauchungulia, kwa picha, hadi vuli.

Basi nautunza. Nakunywa maziwa
nikijua na wenyewe unakunywa.
Zauri haniangalii mkononi.
Anapasua kuni nyingi kuliko tunazohitaji.

Usiku naugonga kwa kucha: to, to.
Mwili ulioshindwa kujenga mtoto
umejenga hiki bila kuombwa.

Siku watakapoutoa, nimeomba nipewe.
Sitauzika, sitautia chupani.
Nataka tu kuuweka kwenye mizani ya unga
nione ni gramu ngapi
zilizotosha.