Kangomba ya Mkononi

Mfaume ameniletea saa kutoka Dar,
nyeusi, kamba ya mpira, kioo kama jicho la panzi.
"Itahesabu afya yako, dada," kasema,
akanifunga mkono wa kushoto
kama anayepiga lakiri gunia.

Asubuhi ya kwanza nikapanda kutoka Luchingu kwenda ghalani.
Mchanga mwekundu umelala njia nzima:
gurudumu linazama, nalichomoa,
linazama tena.
Mabega yanaunguruma, glavu zimelowa,
chumvi imeniingia machoni.
Getini nikaitazama saa.
Hatua sitini na tatu.
Halafu ikatetemeka, ikaandika kwa upole wa muuguzi mgeni:
Umekaa muda mrefu. Simama, tembea kidogo.

Nikacheka hadi mlinzi akaja mbio.
Miaka kumi na tisa sijasimama,
wala hakuna siku niliyokaa.

Jioni nabangua korosho za kula,
mkono unapanda, unashuka,
kiti hakijasogea hata shubiri:
hatua elfu moja na mia nne.
Siku ya kutoa mwali kwa Nalinga nikapiga makofi,
saa ikanirushia fataki za rangi,
eti nimemaliza kilomita tatu.
Na njia ya Kitangari, Sijaona akinisukuma,
mikono imenilalia mapajani kama paka wawili,
kila kokoto tuliloliruka likaandikwa hatua.

Mimi ni karani wa mizani.
Msimu mzima magunia hupita mbele yangu,
na wenyewe nyuma yake wamebana pumzi.
Naijua mizani isemayo kweli
na ile iliyofundishwa kusahau kilo mbili.
Nakijua na kibakuli cha kangomba,
kinavyobisha hodi mwezi wa njaa,
hakina namba, hakina muhuri,
kinapima shida ya mtu na kuiita korosho.
Kwa hiyo sikuitukana saa.
Mizani ikibishaniwa
huletewa jiwe.

Jumamosi nikamwita Sijaona, yuko darasa la sita,
nikampa mfuko wa korosho ghafi na ndoo tupu.
"Fuata ubavuni. Nikisukuma mara moja, dondosha moja.
Usinionee huruma, usiniongezee."
Tukaenda hadi bombani na kurudi.
Ta. Ta. Ta.
Watu wakatutazama kama wanga wa mchana.
Penye mchanga ndoo ilipiga haraka,
penye lami ikatulia,
kwenye mteremko ikanyamaza kabisa,
nami nimeng'ang'ania ringi, viganja vinaungua,
nazuia kiti kisinitangulie chini.

"Shangazi," akasema,
"na kuzuia je? Nako ni kazi. Nidondoshe?"

Nimejibu wakaguzi wa wilaya, nimejibu wakulima wenye mapanga.
Hili sikuwa na jibu lake.
Akachukua korosho sita, akazitia mfuko wa sketi.
"Zisubiri," akasema.

Nyumbani tukamwaga mkekani, tukahesabu kumi kumi:
mia nane na kumi na saba.
Saa: mia mbili na tisa.
Nikaandika nyuma ya daftari, kwa kalamu nyekundu,
tarehe, njia, hali ya mchanga,
kama ninavyoandika gunia lililorudishwa.

Mfaume akapiga simu. "Vipi, inakusaidia?"
Nikamwambia: si mbovu, mdogo wangu.
Inamhesabu mtu mwingine.
Yumo humo ndani tangu kiwandani,
anapunga mikono, ana miguu miwili isiyochoka.
Siku walipomweka
hakuna aliyeniita nije kupimwa.
Akakaa kimya, kisha akauliza kama airudishe dukani.

Hapana. Bado naivaa.
Kwa kusema ni saa ngapi
haijanipunja hata dakika.
Ikiniambia simama, naifunika kwa kiganja,
kiganja kigumu kama ganda,
naendelea kusoma uzito.

Juzi tulikaanga zile zote, tukagawa majirani.
Sijaona alikataa kutoa zake sita.
Bado anatembea nazo mfukoni,
anasema hazijapata ndoo.